Mkao wa Maiti

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
8 Julai 2025

Kwako dada yangu Mwanamize,

Shikamoo dada. Assalaam alaykum wewe, shemeji Uledi na wote waliomo katika nyumba yako ya Tanga. Naomba Mungu karatasi hii ikufikie goti likiwa limepoa na sukari haijapanda. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wake Mola. Mama anakula, anasali akiwa amekaa kwenye kiti, na anagombana na kila anayempikia, kwa hiyo utajua mwenyewe kwamba ni mzima. Mume wangu Sadalla hajambo. Binti yako Nasma naye hajambo, ingawa nikimaliza kukueleza alichonifanyia huenda ukaniachia niwe mama yake peke yangu.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Usishangae, nimechoka. Kila nikikupigia unaiweka simu kwenye spika juu ya kabati huku unakuna nazi, na nikianza tu kusema la moyoni namsikia shemeji anaitikia, jirani yako anauliza nani huyo, na wewe unamjibu ni yule mdogo wangu aliyepagawa. Ndivyo ulivyosema Ijumaa iliyopita, nimesikia kwa masikio yangu. Basi barua hii nimempa dereva wa basi ninayemwamini. Isome peke yako, mlango umefungwa, na usinipigie mpaka umeifikisha mwisho.

Sijapagawa, dada. Kombe la aya ulilonitumia kwenye chupa ya soda nimelinywa lote, na zafarani yake ikanitia doa kwenye gauni jipya. Yule bwana wa Mbagala uliyemwagiza alikuja na ubani wake, akafukiza nyumba mpaka wapangaji wa ghorofa la jirani wakateremka na ndoo za maji. Sadalla naye kila asubuhi ananilisha asali na habasoda kwa sababu ameona kwenye simu. Daktari nilikwenda, akapima moyo akasema hauna kasoro, akasema huu ni ugonjwa wa wasiwasi na huzuni, nitafute mtu wa kuzungumza naye. Nilitoka pale nikicheka peke yangu. Dar nzima inazungumza kuanzia alfajiri, anayesikiliza ndiye sijamwona. Na nyote, kuanzia kwako mpaka muuza kahawa wa hapa mlangoni, mna neno moja tu la kuniambia: jikaze. Nimejikaza, dada, mpaka nimekauka.

Naomba nikukumbushe yalikoanzia, maana naona watu mnasahau upesi. Mwaka jana mdogo wetu Zena alipofariki, wewe uliteremka kutoka Tanga ukajitupa kifuani kwa shangazi, ukalia mpaka sauti ikakukauka. Ilikuwa haki yako. Mimi wakati huo nilikuwa chumba cha nyuma nimekunja mikono ya gauni. Tangu nilipoirithi kazi ya kuosha maiti kwa bibi yetu, wanawake wa mitaa hii wakifa wanapita mikononi mwangu, na kazi ile ina adabu zake: huongei, hulii, hutoi nje ulichokiona. Nikamwosha Zena kama ninavyowaosha wengine. Upande wa kulia, upande wa kushoto, maji ya majani ya mkunazi, mwisho maji ya karafuu maiti. Nikamsuka nywele. Nikamvika sanda ya bafta niliyoikata dukani kwangu mwenyewe. Nikatoka nje nikaambiwa wali hautoshi, nikaenda kuangalia habari ya wali.

Haikupita miezi mingi nikaitwa mtaa wa Gerezani kumwosha mama wa rafiki yangu. Nikachota maji kwa kopo, nikainua mkono, mkono ukaanza kutetemeka wenyewe. Nikabadilisha mkono, nao ukatetemeka. Kopo likaanguka, maji yakammwagikia marehemu usoni ovyo, na binti yake amesimama pale anatazama. Bi Anfal, yule ambaye miaka yote amekuwa akinimiminia maji, ndiye aliyeimalizia kazi. Tangu siku ile sijagusa maiti. Usingizi ukanihama, kifua kikawa kinabana, na simu ikilia tu najua kuna mtu amekufa wanataka nikamwoshe.

Hata hayo ningeyavumilia kama si wasia wa Mama. Nawe ulikuwepo Idd ile, tumeshiba pilau, akatunyamazisha wote akasema siku yake ikifika asiguswe na mtu mwingine yeyote ila mimi, Swaumu. Na wewe, dada, ulikuwa wa kwanza kuitikia amina, hata hukunitazama usoni. Kuanzia hapo kila Mama akikohoa mimi natazama mikono yangu. Nikawa naiona siku yenyewe: kitanda cha kuoshea, wanawake wa mtaa wamejipanga, Mama amelala ananisubiri, na kopo linanitoka mkononi. Hiyo ndiyo hofu iliyokuwa inanila. Hakuna jini wala nini.

Sasa nije kwenye hiyo yoga, ambayo najua umeshaitangazia Tanga nzima kwamba mdogo wako ameingia dini ya Wahindi. Sijaingia dini ya mtu. Nilimuuliza ustadhi wa msikiti wetu, naye akaniuliza mnaabudu nini huko, nikamwambia tunalala chini na kuvuta pumzi. Akasema pumzi ni ya Mungu, kavute, ila usitamke neno usilolijua maana yake. Na kama kulala chini ni ibada, basi shemeji Uledi angekuwa walii zamani.

Aliyenipeleka ni Nasma, na alinipeleka kwa hila. Aliniambia kuna mteja Upanga anataka vitambaa vya pazia kwa nyumba nzima. Nikapanda ngazi za ghorofa lile na sampuli zangu kwapani, nahema, nimeshapiga hesabu ya faida kichwani, mlango ukafunguliwa nikakuta watu wazima wamekaa peku kwenye mikeka wamefumba macho. Nilitaka kugeuka. Nasma akasimama mlangoni kama bawabu, akasema Mama kaa kidogo tu, ukichukia tunaondoka. Nilichukia tangu dakika ya kwanza na hatukuondoka.

Mwalimu anaitwa bwana Kasmir. Ni Mhindi mzaliwa wa Kisutu, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Sadalla, na biashara yake ni mabomba, masinki na vyoo vya kukaa. Usimfikirie mtu wa ndevu nyeupe na macho ya upole. Ana kitambi, ana mafua, na simu yake hailali. Anatuambia achilieni kila kitu, acheni dunia ipite, kisha simu inaita, anaipokea, na sote tunasikia bei ya koki. Halafu anarudi na sauti ileile ya kubembeleza: vuta, toa. Mimi ni mtu wa duka Kariakoo, nimezoea mteja na mchukuzi na mgambo wote wakinisemesha kwa pamoja. Kuambiwa vuta na toa kwa mwendo ule kulinitia kichaa kuliko huo wazimu wenyewe.

Aliniambia nisiyafukuze mawazo wala nisiyafuate, niyatazame tu yakipita kama watu wanaokatisha Mnazi Mmoja. Nikamwambia bwana Kasmir, mimi nimezaliwa mji huu, ukikaa Mnazi Mmoja kutazama watu bila kushika pochi yako utarudi huna pochi. Watu wakacheka. Yeye akasema basi shika pochi huku unatazama. Sikupenda alivyonijibu, kwa sababu lilikuwa jibu zuri.

Mwisho wa darasa akatangaza kwamba sasa tunaingia kwenye mkao wa maiti. Niliinuka nikakaa. Wenzangu wote wakajitupa chali, miguu wameitawanya, viganja juu, vinywa wazi. Dada, unanijua, nilishindwa kunyamaza. Nikawaambia huo si mkao wa maiti, huo ni mkao wa mlevi. Maiti vidole gumba vyake vya miguu vinafungwa pamoja, taya linafungwa kwa kitambaa, macho yanafumbwa, na anaelekezwa Kibla, halali kaelekea Posta. Kisha nesi mmoja aitwaye Stella, Mkristo, mkazi wa Ilala, akaniuliza kwa adabu Kibla ni upande gani. Nikamwonyesha. Akageuza mkeka wake. Wa pembeni yake naye akageuza, na wa pembeni yake, mpaka bwana Kasmir mwenyewe akageuza wa kwake, akasema haimgharimu kitu. Nasma alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Basi nikalala, lakini kwa hasira. Kumbe hata pale chini nilikuwa kazini. Kichwani nilikuwa najiosha mwenyewe: nani anashika pazia la kunisitiri, maji yamepashwa moto kiasi gani, majani ya mkunazi yametwangwa au bado. Bwana Kasmir akamwomba Stella aninyanyue mkono kisha auachie. Stella akauachia, na mkono wangu ukabaki hewani. Nikamsikia mwalimu anauliza, "Maiti gani huyu anayejishikia mkono mwenyewe?"

Nilimchukia wiki nzima. Nilichukia kwa sababu mimi ndiye ninayejua mkono wa maiti ulivyo, nimeshika mikono yao zaidi ya alivyoshika yeye masinki. Mkono wa maiti unakwenda unakoupeleka. Hauna shauri. Muuza mabomba wa Upanga hakuwa na haki ya kunifundisha hilo, na alikuwa amesema kweli.

Nikarudi tena. Usiniulize kwa nini, pengine ni kwa sababu siku ile nililala usingizi mpaka Sadalla akanishika pua kuangalia kama napumua. Nikarudi na wiki iliyofuata, nikinung'unika ngazi zote. Polepole nikaanza kuona kitu kidogo, wala si cha kutangaza. Simu ikilia dukani, kifua kikianza kubana, badala ya kukimbilia maji au kumfokea mteja, nilikuwa nasimama pale na mkasi mkononi nakitazama. Nikajua kinapoanzia, chini ya titi la kushoto, kinavyopanda kooni, kinavyokaa, na kinavyoteremka kama hakijafukuzwa. Hofu haikuniacha. Ila nilikuwa naiona ikija, na mtu anayeona kitu kinakuja hakanyagwi nacho mara zote.

Mkaanza kufurahi. Nasma akafurahi, Sadalla akamwambia muuza kahawa, wewe ukasema kwenye spika kwamba alhamdulillahi, mikono itarudi. Kumbe nyote mlikuwa mnaisubiri mikono. Hata mmoja hakuniuliza habari za mwenye mikono. Bwana Kasmir peke yake ndiye aliyeniambia kwamba nikitaka kusalimu amri nianze na mikono yenyewe, niache kuidai. Nikamwambia haiwezekani, mikono ndiyo niliyo nayo, kwa mikono hii nakata kitambaa na kwa mikono hii naheshimiwa. Akapiga chafya, akasema basi.

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nililala pale kama kawaida, nimechoka, siku ile mzigo wa vitenge ulikuwa umeingia na nimegombana na wachukuzi tangu asubuhi. Sikuwa na nguvu ya kusimamia kitu. Stella akaninyanyua mkono, akauachia, nao ukaanguka. Ukaanguka wenyewe, puu, kwenye mkeka. Nikaujua uzito ule, dada. Ulikuwa uzito wa mkono wa Zena nilipokuwa naupitisha kwenye maji.

Hapo nikaacha kuwa mwoshaji, nikawa ninayeoshwa. Sikuona nuru, sikuona malaika, usije ukanizushia. Niliona tu kwamba maiti hana kazi. Hajikazi, haangalii jiko, hashiki pazia. Ameshaachia kila kitu kwa Mola wake, na walio hai wanamgeuza kulia na kushoto, naye amekubali. Nikalia. Nililia kwa sauti, chali, machozi na kamasi vinaingia masikioni, namwita Zena kwa jina lake mbele ya watu ambao nusu yao siwajui. Hakuna aliyeniambia nyamaza wala jikaze. Simu ya bwana Kasmir ikaita, na mara ile akaizima.

Sasa nije kwenye lililonifanya nitafute karatasi. Kesho yake niliingia chumbani kwa Mama nikakaa chini kwenye mkeka miguuni pake. Nikamwambia mikono haijarudi. Kisha nikamwambia jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua mpaka lilipokuwa linanitoka mdomoni: hata ikirudi, sitaki. "Mama, sitaki kukuosha. Zena nilimwosha nikakosa kumlilia. Wewe sitaki kukukosa hivyo."

Mama aliendelea kutafuna tambuu yake. Kisha akakasirika, kama nilivyotarajia. Akasema nimekuwa msumbufu tangu kunyonya, akasema mikono ya Bi Anfal ina sugu kama jiwe la kusugulia miguu, akasema watu wa siku hizi hata kufa hawakuachi ufe unavyotaka. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikavuta pumzi, nikatoa. Nikamwacha aseme. Alipomaliza kusema alitema tambuu, akajifunga kanga kifuani, akaniambia niende nikapashe maji.

"Nioshe leo, ningali hai. Na ukitaka kulia, lia. Mimi sina haraka."

Nilimlaza palepale chumba cha nyuma, nikamfunika kanga, nikaanza upande wa kulia. Mikono ilitetemeka tangu kopo la kwanza, wala haikuacha mpaka mwisho. Sikuipigia kelele. Niliiacha itetemeke, nikaosha nayo hivyohivyo. Maji yakamwingia sikioni, akalalamika. Akasema yamepoa. Akasema kumbe hivi ndivyo nilivyokuwa nawaosha watu, si ajabu hakuna hata mmoja aliyerudi kushukuru. Nikacheka huku nalia, na yeye anacheka, tumbo linamtikisika chini ya kanga. Mwoshaji hasemi alichokiona, ila Mama yu hai na amenipa ruhusa nikwambie: mkono wangu chini ya kanga ulipita kwenye lile kovu la upasuaji alikotokea Zena, ukasimama pale, na Mama akaweka mkono wake juu ya wangu. Nikamkausha, nikampaka mafuta, nikamsuka nywele zake zilizobaki.

Alipokwisha kuvaa akaniambia wasia wake umeshatimizwa, na ameshuhudia kwa macho yake kitu ambacho maiti wengine hawakujaliwa. Siku yake ikifika, Bi Anfal amwoshe, na mimi nikae na wafiwa wenzangu. Ameniagiza nikuandikie hivyo ili pasije pakatokea ubishi msibani.

Najua wewe utakasirika, dada. Utasema watu watatusema, utasema mtoto gani anampa mgeni mwili wa mama yake. Kasirika, mimi mwenyewe nimekasirika mwaka mzima na sijafa. Lakini siku hiyo, Mungu aiweke mbali sana, utakapoteremka kutoka Tanga usinitafute chumba cha nyuma. Njoo moja kwa moja ukumbini, utanikuta chini kwenye jamvi na wenzangu. Ukae karibu yangu. Maana siku ya Zena nilikusikia ukilia ng'ambo ya ukuta, mimi nimeshika kopo, na nilikuonea wivu, dada yangu. Sikuwahi kumwonea mtu wivu kama ule.

Sina jingine. Mpe shemeji Uledi salamu zangu, na watoto wote wakubwa kwa wadogo. Sadalla na Nasma wanakuamkia. Mama naye anakuamuru, hajasema anakuomba, uje kabla mvua za vuli hazijaanza na umletee machungwa ya Muheza, anasema haya ya sokoni hapa ni maji matupu. Mungu atukutanishe kwa heri.

Ni mimi mdogo wako,
Swaumu